Si kila damu chooni ni bawasiri: Anachofaa kujua kijana wa kiume anayeishi na HIV

Umeenda msalani asubuhi, umemaliza, unajipangusa, kisha unaona alama nyekundu kwenye tishu. Unaiangalia mara ya pili. Unajiambia ni ile nyama choma ya juzi na maji hukunywa, ndiyo maana choo kimekuwa kigumu. Wiki inapita, alama inarudi. Jioni unapitia kemisti ya mtaa, unangoja wateja wengine watoke, kisha unanong'ona: "Uko na kitu ya bawasiri?" Muuzaji hana maswali mengi. Anakupa tyubu ya krimu, unalipa kwa M-Pesa, unaenda zako. Mambo yameisha.

Ama ndivyo unavyodhani.

Kusema kweli, mara nyingi damu kidogo chooni huwa ni bawasiri, ama mchubuko mdogo tu uliosababishwa na choo kigumu. Kwa hivyo usianze kuandika wosia. Lakini kama wewe ni mwanamume unayeishi na HIV, kuna swali ambalo yule wa kemisti hakukuuliza, na ambalo pengine hata kule CCC unakochukulia dawa hujawahi kuulizwa: Je, kuna mhudumu wa afya aliyewahi kukuchunguza njia ya haja kubwa?

Najua. Umecheka kidogo, ama umekunja uso. Sehemu hiyo hatuitaji mezani, hatuitaji kanisani wala msikitini, na hata hospitalini tunaizungukazunguka kama mtu anayetafuta deni lake kwa mkwe. Lakini wahenga walishatuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo wacha tuongee waziwazi, mimi na wewe, kuhusu saratani ya njia ya haja kubwa, na hasa ile hatua inayokuja kabla yake, wakati mwili haujaumwa popote na bado kuna nafasi ya kuzima moto.

Saratani gani hii?

Njia ya haja kubwa ni kipande kifupi tu, sentimita chache, mwishoni kabisa mwa utumbo. Hapo ndipo utando laini wa ndani ya utumbo unakutana na ngozi ya nje. Penye makutano hayo seli hubadilika kila mara, na seli zinazobadilika ndizo ambazo kirusi kimoja kinachoitwa HPV hupenda kuvamia.

Kama jina hilo unalifahamu, ni kwa sababu umelisikia likitajwa na saratani ya lango la uzazi. Ni kirusi kilekile. Mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kwamba HPV ndiyo chanzo cha saratani hiyo ya wanawake. Kumbe kirusi hicho hakichagui jinsia. Takriban asilimia 90 ya saratani za njia ya haja kubwa, kwa wanaume na wanawake, husababishwa na HPV.

Sasa, HPV si kitu adimu. Watu wengi wanaoshiriki ngono hukipata wakati fulani maishani, wala hawajui. Kuna aina zaidi ya 200. Nyingine, kama namba 6 na namba 11, huleta chunjua sehemu za siri: zinaudhi, zinatia aibu, lakini zenyewe kwa kawaida hazigeuki kuwa saratani. Nyingine kama dazeni hivi ndizo za hatari, na mbaya kuzishinda zote ni namba 16.

Kwa mtu mwenye kinga nzuri, mara nyingi mwili hukifukuza kirusi hiki chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida huanza kinapokataa kutoka. Kikikaa miaka na miaka, seli za pale zinaanza kubadilika. Mwanzoni mabadiliko ni madogo, na mengi hurudi sawa. Baadaye yanaweza kuwa makubwa: seli zimeharibika vibaya ila bado hazijapenya kwenda ndani. Hiyo ndiyo madaktari huita hali ya kabla ya saratani. Haiumi. Haitoi damu kwa kawaida. Huioni kwa kioo. Unaweza kuishi nayo miaka, unacheza mpira, unaenda kazini, na hujui.

Ndiyo maana nikasema ile damu ya kwenye tishu si mahali pa kuanzia. Ikiwa kweli ni saratani, damu ni barua iliyochelewa kufika.

Kwa nini wewe unayeishi na HIV?

Kwa sababu HPV hufukuzwa na kinga ya mwili, na kinga ndiyo HIV hushambulia. Mlinzi wa geti akiwa mgonjwa, mgeni mbaya anakaa anavyotaka.

Tazama hesabu. Katika watu wa kawaida, saratani hii humpata mtu mmoja au wawili kati ya 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 watafiti walikusanya pamoja tafiti nyingi, hasa za Ulaya, Marekani na Australia. Wakapata kwamba miongoni mwa wanaume wanaoishi na HIV ambao hushiriki ngono na wanaume wenzao, wanaoipata ni takriban 85 kati ya 100,000 kwa mwaka. Kwa wanaume wengine wanaoishi na HIV, ni takriban 32. Wanawake wanaoishi na HIV, takriban 22.

Usitishike na namba hizo kupita kiasi. Themanini na tano kati ya 100,000 bado ni chini ya mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka. Lakini ukilinganisha na jirani yako asiye na HIV, hatari yako iko juu mara nyingi sana. Na tofauti na hatari nyingine za maisha, hii ina mlango wa kutokea.

Halafu kuna jambo linalowahusu vijana hasa. Saratani hii haiji sana kwa watu wa miaka 22. Huja ukiwa na miaka 40, 50 na kuendelea. Utasema, basi nina wakati. La. Mbegu yake hupandwa sasa. HPV wengi huipata katika ujana. Fegi ya kwanza huvutwa katika ujana. Kuruka dawa, ama kuogopa kupimwa mpaka kinga iporomoke, mara nyingi ni mambo ya ujana. Ukiwa na miaka 45 utakuwa unavuna tu.

Vitu vinavyopandisha hatari

Wacha tuvipitie kimoja kimoja. Soma kama mtu anayekagua gari kabla ya safari ya Mombasa: huangalii ili ulaumu dereva, unaangalia ili ufike.

*1. HPV inayokaa bila kutoka, hasa namba 16.* Hii ndiyo mzizi wa yote. Bila HPV, sehemu kubwa ya saratani hizi haingekuwepo. Kondomu hupunguza uwezekano wa kuipata, na bado ni muhimu sana kwa magonjwa mengine, lakini haizuii kabisa, kwa sababu HPV hupita kwa ngozi kugusana na ngozi, hata pale ambapo kondomu haifiki.

*2. Kinga iliyowahi kushuka sana.* Wewe na daktari wako mnaweza kuwa mnafurahia CD4 yako ya leo, na mna haki ya kufurahi. Lakini kwa ugonjwa huu, swali kubwa ni: CD4 yako iliwahi kushuka hadi ngapi? Aliyefika chini ya 200 kabla ya kuanza dawa, hata kama sasa amepanda hadi 600, hubaki na hatari kubwa kuliko aliyeanza dawa mapema. Wakati ule kinga ilipolala, HPV ilipata nafasi ya kujenga nyumba. Ndiyo sababu kupimwa HIV mapema na kuanza dawa siku hizohizo si suala la Ukimwi peke yake.

*3. Kuruka dawa.* Tafiti zinaonyesha kuwa watu ambao virusi vyao vya HIV vimedhibitiwa kwa muda mrefu bila kukatika wana hatari ndogo ya saratani hii kuliko wale ambao leo wanameza, kesho wameacha. Kwa hivyo ile tembe moja ya kila siku inafanya kazi mbili. Ukiiacha kwa sababu umehama mtaa, umekosana na nyumbani ama umechoka tu, unafungulia mlango vitu viwili.

*4. Umri, na miaka uliyoishi na HIV.* Hatari huongezeka kadiri miaka inavyosonga. Hapa namkumbuka hasa kijana aliyezaliwa na HIV. Kenya tunao wengi ambao sasa wamevuka miaka 20, wengine wana watoto wao. Ukiwa na miaka 25, umeishi na kirusi miaka 25, na pengine utotoni kulikuwa na vipindi ambapo kinga yako ilikuwa chini kwa sababu dawa hazikuwa rahisi kupatikana kama leo. Hukufanya kosa lolote. Lakini unafaa kujua hesabu yako inaanza kuhesabiwa mapema.

*5. Kupokea ngono kwa njia ya haja kubwa, na idadi ya wapenzi.* Ngono ya namna hii hupeleka HPV moja kwa moja kwenye yale makutano ya seli. Kadiri wapenzi wanavyokuwa wengi, ndivyo nafasi ya kukutana na aina mbaya ya HPV inavyoongezeka. Hatusemi hivi kwa kuhubiri. Ni njia tu kirusi kinavyosafiri.

*6. Kuwahi kupata chunjua sehemu za siri ama kwenye njia ya haja kubwa.* Chunjua zenyewe si saratani, nimeshasema. Lakini ni ushahidi kwamba HPV imepita hapo, na mara nyingi anayekuwa na aina moja huwa nayo nyingine pia. Kama uliwahi kuchomwa chunjua hospitalini, mwambie daktari wako hata kama ni kitambo.

*7. Sigara.* Hii watu hawaitarajii. Moshi unaingia mdomoni, sasa unahusiana vipi na huko chini? Kemikali za tumbaku huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Huharibu seli na kuilegeza kinga inayopaswa kuifukuza HPV. Wavutaji wana hatari kubwa zaidi ya kupata hali ya kabla ya saratani na saratani yenyewe. Na shisha usiniambie ni mvuke wa matunda: ni tumbaku, na Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017. Kati ya mambo yote kwenye orodha hii, hili ndilo unaloweza kuanza kulibadilisha leo jioni.

*8. Aibu.* Hii huioni kwenye majedwali ya watafiti, lakini mimi naiweka. Aibu ndiyo humfanya mtu atumie krimu miezi minane kabla ya kwenda hospitali. Aibu ndiyo humfanya daktari naye aulize kuhusu kikohozi, usingizi na hamu ya kula, kisha afunge faili.

"Lakini mimi nalala na wanawake tu"

Sawa. Rudi kwenye zile namba: 32 kati ya 100,000 ni wanaume wanaoishi na HIV ambao hawalali na wanaume. Wako chini ya wenzao, lakini bado juu sana ya watu wa kawaida. HPV haihitaji ngono ya njia ya haja kubwa ili ifike pale. Huweza kuhama kutoka sehemu nyingine za siri, kwa vidole, kwa kugusana.

Wala si ugonjwa wa wanaume peke yao. Mwigizaji Mmarekani Farrah Fawcett alifariki kwa saratani hii Juni 2009. Marcia Cross, ambaye huenda mama yako alimtazama kwenye Desperate Housewives, aligunduliwa nayo mwaka 2017, akatibiwa, akapona, kisha akaamua kuizungumzia hadharani ili watu waache kuona haya. Mumewe alikuwa ameugua saratani ya koo miaka kadhaa awali, na madaktari walisema huenda zote mbili zilitokana na aina ileile ya HPV.

Kwa hivyo mtu akipatikana na ugonjwa huu, usikimbilie kupiga hesabu ya alilala na nani. Saratani si cheti cha tabia.

Kuchunguzwa huwa vipi?

Hapa ndipo wengi hutoroka, basi wacha nikueleze ujue unaenda kukutana na nini.

Hatua ya kwanza ni rahisi kuliko unavyodhani. Mhudumu anakuomba ulale ubavu, magoti umeyakunja kuelekea kifuani. Anavaa glavu, anapaka mafuta ya kulainisha, anaangalia nje kwanza, kisha anaingiza kidole kimoja polepole na kupapasa pande zote akitafuta uvimbe, kidonda ama mahali pagumu. Ni dakika chache. Haipendezi, lakini haifai kuuma sana. Ikiuma sana, hiyo yenyewe ni habari anayohitaji kuijua. Haitaki mashine, haitaki umeme, haitaki safari ya Nairobi. Inaweza kufanyika kwenye kituo chochote chenye chumba cha faragha na mhudumu aliyefunzwa.

Kidole hakiwezi kugundua seli zilizobadilika ambazo hazijatengeneza uvimbe. Lakini kinaweza kunasa saratani ikiwa bado ndogo, na hiyo ni tofauti kubwa.

Hatua ya pili ni ya kitaalamu zaidi. Mtaalamu huingiza kijiti laini cha pamba kuchukua seli za kupima. Kukionekana shida, hutumia bomba fupi na kioo cha kukuza, akapaka asidi hafifu ya aina ile iliyo ndani ya siki. Seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Kama umewahi kusikia dada yako ama mama yako akieleza vile alichunguzwa lango la uzazi kwa siki, basi wazo ni hilohilo. Akiona pabaya, anakata kipande kidogo kipelekwe maabara. Hapa kwetu wataalamu na vifaa vya hatua hii ni adimu, na tusidanganyane kuhusu hilo. Ndiyo sababu ile hatua ya kwanza, ya kidole, isidharauliwe.

Je, kugunduliwa mapema kunasaidia kweli?

Kwa miaka mingi hata madaktari walibishana. Wengine walisema, kwani ukichoma zile seli unazuia saratani ama unamtesa mgonjwa bure?

Jibu lilitoka Marekani. Daktari Joel Palefsky wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake waliendesha utafiti ulioitwa ANCHOR. Waliwachunguza zaidi ya watu 10,000 wanaoishi na HIV, wote wenye miaka 35 na zaidi. Zaidi ya nusu walipatikana na hali ya kabla ya saratani. Soma tena: zaidi ya nusu, na wengi hawakuwa na dalili yoyote ya kuwashtua.

Kisha watu 4,459 kati yao wakagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja likatibiwa mara moja, wengi wao kwa kuchomwa zile seli kwa kifaa cha umeme kliniki, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kundi la pili likafuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa. Katika kundi lililotibiwa, watu 9 walipata saratani. Katika lile lililofuatiliwa tu, watu 21. Hatari ilikuwa imepungua kwa asilimia 57. Mnamo Oktoba 2021 utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana, na waliokuwa hawajatibiwa wakapewa nafasi ya tiba. Matokeo yakachapishwa Juni 2022.

Angalia pia upande wa pili wa hesabu hiyo. Hata wale ambao hawakutibiwa, waliopata saratani walikuwa kama 4 kati ya 1,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kuambiwa una hali ya kabla ya saratani si kuambiwa utakufa. Ni kuambiwa kuna ufa. Na sote tunajua methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ukuta wenyewe ni ghali. Saratani ikishakomaa, tiba yake kuu ni mionzi pamoja na dawa za kemo, kwa wiki kadhaa mfululizo. Ikipatikana mapema, wengi hupona. Ikichelewa, wengine hulazimika kufanyiwa upasuaji na kuishi na mfuko wa kinyesi ubavuni, na wengine hawaponi.

Baada ya utafiti huo, mwaka 2024 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa ugonjwa huu, IANS, ilitoa mwongozo. Wanaume wanaoishi na HIV ambao hushiriki ngono na wanaume, pamoja na wanawake waliobadili jinsia wanaoishi na HIV, waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 35. Wengine wote wanaoishi na HIV, miaka 45. Lakini hiyo ni kwa mtu asiye na dalili. Ukiwa na dalili, umri si kitu: nenda.

Dalili zisizofaa kupuuzwa

Damu inayorudi. Maumivu ama kuwashwa kusikoisha. Uvimbe unaouhisi kwa mkono. Usaha ama majimaji. Kidonda kisichopona. Choo kubadilika umbo ama kushindwa kukizuia. Tezi kuvimba kwenye kinena.

Dalili hizi nyingi zinafanana na za bawasiri, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukishatumia krimu wiki mbili na shida ipo palepale, achana na kemisti. Hakuna anayeweza kutofautisha bawasiri na saratani kwa kukusikiliza tu kutoka upande wa pili wa kaunta.

Na ile chanjo?

Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV bila malipo Oktoba 2019, kwa wasichana wa umri wa miaka 10. Wavulana hawakuwemo. Nchi kama Australia zilianza kuwachanja wavulana wa shule mwaka 2013.

Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza ngono. Haitibu HPV iliyokwisha kuingia, wala haiondoi seli zilizokwisha kubadilika. Tafiti kwa watu wazima wanaoishi na HIV hazikuonyesha faida iliyotarajiwa, kwa sababu wengi walikuwa tayari wameambukizwa. Kwa hivyo kama una miaka 30, usiifanye chanjo kuwa kisingizio cha kutochunguzwa. Lakini kama una mdogo wako anayeishi na HIV ambaye bado yuko shule, ama binti yako, uliza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wanaoishi na HIV wapewe angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu, hata pale ambapo wengine wanapewa moja.

Utamwambia nini daktari?

Najua kinachokuzuia. Kwa baadhi yenu ni aibu ya kawaida. Kwa wengine ni hofu kubwa zaidi. Sheria yetu ya jinai bado inaharamisha ngono ya mwanamume kwa mwanamume, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vipengele hivyo. Mtu akijua hivyo, anaingia kliniki akiwa amefunga mdomo kwa kufuli.

Basi shika hili: huhitaji kueleza unalala na nani ili uchunguzwe. Kuishi na HIV peke yake ni sababu tosha ya kuuliza. Sema hivi: "Daktari, naishi na HIV. Nimesoma kwamba nina hatari zaidi ya saratani ya njia ya haja kubwa. Naomba unichunguze kwa kidole." Basi. Kama una dalili, ziongeze. Kama una mtu unayemwamini pale CCC na uko tayari kumweleza zaidi, itamsaidia kukuhudumia, lakini uamuzi ni wako.

Jua pia kwamba Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kutangaza hali yako bila idhini yako, na kuna jopo maalum la kusikiliza kesi za HIV kwa wanaodhulumiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inazichukulia taarifa za afya yako kuwa nyeti. Nesi akikucheka, tatizo ni la nesi. Omba mwingine, ama nenda kituo kingine, lakini usirudi nyumbani bila kuchunguzwa.

Tuache hapa

Kama una miaka ishirini na kitu, kazi yako kwa sasa ni ndogo: meza dawa bila kuruka, uliza CD4 yako iliwahi kushuka hadi ngapi, tumia kondomu, weka sigara chini, na usiifiche damu inayorudi. Kama umekaribia 35 ama umeipita, ongeza moja: omba ule uchunguzi wa kidole kila mwaka unapoenda kliniki.

Na kama si wewe, ni rafiki yako, yule mnayekaa naye kibandani mkinywa chai na mandazi na ambaye siku hizi anakaa upande upande na kusema ni bawasiri tu, mtumie makala haya. Usimwulize maswali mengi. Mwambie tu utamsindikiza.